Pesa ya Nani, na Nani Atairudisha? Kuelewa Ufadhili, Mkopo na Basari ya Chuo

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakishatangazwa, swali linalosikika zaidi huku kwetu Kisumu, kuanzia saiba za Kondele hadi baraza za machifu kule Nyando, ni nani atalipa. Majibu yanagongana. Mmoja anasema serikali inawalipia wote walioitwa. Mwingine anasema mahakama ilifuta mpango mzima wa ufadhili. Wa tatu ameambiwa ukipata A unasoma bure, na wa nne anamshauri kijana asiombe chochote kwa sababu HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, itamwandama hadi uzeeni. Wote wanne wamekosea, na makosa yao yana gharama. Kuna familia zinazouza ng'ombe wa pekee kulipa kitu ambacho kingelipwa na mfuko wa umma. Kuna vijana wanaoiacha nafasi ya chuo kwa kuogopa deni ambalo hakuna aliyeketi nao akawaeleza.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Ufadhili ni pesa ya umma ambayo mwanafunzi hairudishi. Mkopo hurudishwa, tena na riba. Basari ni msaada mdogo usiorudishwa, unaoombwa upya kila mara na usio na hakika. Kinachobaki ni sehemu ya familia. Ufadhili ni kama mchango wa harambee: aliyetoa ametoa. Mkopo ni unga uliochukua dukani kwa jirani akakuandika kwenye daftari: umeshaula, na jina lako bado limo. Watu wengi huviita vitu hivi vyote "pesa ya serikali", na wakishaviita hivyo hawaulizi tena ni ipi itakayodaiwa.

Kuitwa si kulipiwa

Shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni ni KUCCPS. Liliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani ambayo wazazi wanaikumbuka kama JAB. Kazi yake ni kupanga: wewe Maseno, wewe Egerton, wewe Masinde Muliro, wewe Sigalagala. Halilipi karo ya mtu. Barua ya kuitwa haina shilingi ndani yake.

Pesa hutoka kwingine. Ufadhili wa chuo kikuu hutolewa na Hazina ya Vyuo Vikuu. Mkopo hutolewa na HELB, iliyoundwa kwa sheria ya 1995. Maombi ya vyote viwili hufanywa kwenye tovuti moja, lakini ni lazima mwanafunzi mwenyewe aombe. Asipoomba, hakuna kitakachokuja, hata kama alama zake zilitangazwa redioni.

Kwa nini wazazi wengi hawaamini jambo hili? Kwa sababu wao hawakuyapitia haya. Chini ya utaratibu wa zamani, mwanafunzi aliyepangwa kwenye chuo kikuu cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikatuma sehemu yake moja kwa moja chuoni. Baba aliyesoma Egerton wakati huo anamwambia mwanawe kwa nia njema kabisa: shika barua, nenda, mengine yatajipanga. Utaratibu huo ulifungwa kwa waliofanya KCSE ya 2022. Mpango mpya ulizinduliwa Mei 2023, na kundi la kwanza likaingia vyuoni Septemba mwaka huo. Tangu hapo kozi ina bei yake kamili, na bei hiyo hugawanywa mafungu matatu: ufadhili, mkopo, familia.

Jambo jingine ambalo hufichuka wakati mtu ameshalipa amana ya chumba: ufadhili huu ni wa vyuo vya umma. Aliyechagua chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini fungu la ufadhili halimfuati huko. Nimeona familia zikichagua chuo cha kibinafsi kwa sababu tu kiko karibu na nyumbani, wakidhani pesa ni zilezile popote.

Bandi, na hesabu ambayo watoto hawafanyiwi

Bandi ni kipimo cha uwezo wa familia. Haipimi akili ya mtoto. Mwenye A na mwenye C+ kutoka nyumba zenye hali moja, wakiitwa kwa kozi moja, wako kwenye kipimo kimoja. Mpango ulipoanza ulikuwa na makundi manne. Mwaka 2024 yakawa bandi tano. Bandi ya kwanza imekusudiwa nyumba yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, na ya tano ni ya nyumba inayopita 120,000.

Katika bandi ya kwanza, ufadhili ni asilimia 70 ya bei ya kozi, mkopo 25, familia 5. Katika bandi ya tatu ni 50, 30 na 20. Katika ya tano ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo kuna pesa za kujikimu, zile za chakula na kodi ya chumba: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bandi ya kwanza, zikishuka hadi 40,000 kwa ya tano.

Hapa naomba tutulie, kwa sababu hapa ndipo penye kitu ambacho karibu hakuna anayewaambia vijana. Pesa za kujikimu ni mkopo. Mama mmoja kutoka Ahero alinibishia kwa muda mrefu juu ya hili. "Mwalimu, hiyo pesa iliingia kwa simu ya kijana, na chuo hakikuigusa. Hiyo si ya serikali kumsaidia?" Nikamwambia, "Mama, imetumwa na HELB. Iko kwenye daftari." Alinyamaza, kisha akamwita kijana wake aje asikie mwenyewe.

Tuchukue kozi ya mfano inayogharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mtoto wa bandi ya kwanza anapata ufadhili wa 140,000 na mkopo wa karo wa 50,000, na familia inatoa 10,000. Mtoto wa bandi ya tano anapata ufadhili wa 60,000 na mkopo wa 60,000, na familia inatoa 80,000. Mpaka hapo tofauti ni kubwa, na ni ya haki. Sasa ongeza za kujikimu. Wa kwanza anakopa 50,000 na 60,000, jumla 110,000 kwa mwaka. Wa tano anakopa 60,000 na 40,000, jumla 100,000. Kwa miaka minne, mtoto wa nyumba maskini kabisa anamaliza na deni la shilingi 440,000 kabla ya riba, na mwenzake wa nyumba yenye uwezo anamaliza na 400,000.

Kwa hivyo bandi humpunguzia mzazi mzigo, lakini mzigo wa kijana baada ya chuo unabaki karibu uleule, na kwa aliye chini kabisa unazidi kidogo ule wa aliye juu kabisa. Sisemi hivi kumtisha mtu asiende. Kwa nyumba isiyo na kitu, kulipa 10,000 badala ya 200,000 ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Nasema kwa sababu kijana wa miaka 18 anatia sahihi deni la karibu nusu milioni, na ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla hajachagua kozi. Hakuna anayelazimishwa kuchukua mkopo wote. Mwenye shangazi mjini anayempa malazi anaweza kukaa na kufikiri kama kweli anazihitaji zote za kujikimu.

Bandi inapangwaje? Fomu huuliza kazi na hali ya wazazi, idadi ya ndugu walio shuleni, ulemavu, shule ulizosoma na nani alikulipia. Ni hapo ambapo watu wa huku kwetu huumia bila kujua. Kwanza, vyeti vya kifo. Familia nyingi zina kile kibali cha mazishi tu, karatasi iliyotolewa siku ya kuzika, wakidhani inatosha. Haitoshi. Cheti chenyewe hutafutwa kwa msajili wa vizazi na vifo, na huchukua muda. Yatima asiye na cheti cha kifo cha baba anaonekana kwenye kompyuta kama mtoto mwenye baba hai asiyejazwa habari zake. Pili, mtoto aliyesomeshwa na mfadhili kwenye shule ghali anaonekana tajiri. Barua ya aliyemfadhili inapaswa kuwa mkononi kabla ya kuanza kujaza. Tatu, msijaze fomu kwa haraka saiba huku kijana wa kompyuta akikisia majibu kwa niaba yenu kwa kuwa kuna watu kwenye foleni. Yeye hatalipa tofauti.

Bandi ikitoka vibaya, inakatiwa rufaa kwenye tovuti ileile, kwa vielelezo. Rufaa haina haja ya wakala. Anayekuomba pesa ili "akushushie bandi" anakuibia.

Sasa lile la mahakama. Ni kweli kwamba tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huu kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Ndiyo sababu fomu ziliendelea kujazwa na bandi zikaendelea kutolewa. Aliyesikia nusu ya kwanza ya habari akakaa nyumbani alipoteza muhula. Tena, mwaka huohuo wa 2025 ilitangazwa kwamba karo ya vyuo vikuu vya umma ingepunguzwa kuanzia Septemba, kwa hivyo usipige hesabu kwa karatasi ya karo ya kaka yako aliyeingia 2023. Soma bei ya kozi yako, ya mwaka wako.

Deni la HELB linavyofanya kazi

Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwenye deni la 440,000, hiyo ni takriban shilingi 17,600 kwa mwaka. Hakuna benki itakayokukopesha kwa bei hiyo bila dhamana. Riba si adui hapa.

Adui ni kimya. Sheria inamtaka aliyekopa aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekosa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa mwaka faini hiyo ni 60,000, zaidi ya mara tatu ya ile riba. Ndiyo maana unasikia mtu alikopa kidogo akadaiwa mlima. Mara nyingi hakukuliwa na riba. Alihama Kisumu akaenda Nairobi kutafuta kazi, akabadilisha laini ya simu, akasema atawatafuta akishapata kazi ya maana, na faini ikawa inahesabu kila mwezi. Jina likaenda kwenye orodha ya wasiolipa madeni, na alipopata hiyo kazi akaambiwa alete cheti cha HELB.

Kama umemaliza na huna kazi, nenda useme. Kuna dawati lao kwenye vituo vya Huduma, hapa Kisumu na kule Nakuru pia, na mtu anaweza kupanga kulipa kidogokidogo kwa simu kutokana na biashara ya boda au ya kuuza omena. Ukiajiriwa, mwajiri anatakiwa na sheria kukata kutoka kwenye mshahara na kuwasilisha. Lakini hakikisha anawasilisha, na uangalie akaunti yako mwenyewe.

Basari si ya mheshimiwa

Kwa basari sitakaa sana. NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge unaoongozwa na sheria ya 2015, ni pesa ya umma: asilimia isiyopungua 2.5 ya fungu la serikali ya taifa kwenye mapato. Haitoki mfukoni mwa mbunge, na huhitaji kumpigia makofi mtu ili mtoto wako aipate. Fomu huchukuliwa kwenye ofisi ya eneo bunge, hujazwa, hupitiwa na kamati, na hundi huandikwa kwa jina la shule au chuo. Kiasi hutofautiana sana kutoka eneo moja hadi jingine, na mwaka ujao huanza upya. Ipange kama nyongeza kwenye ile sehemu ya familia, usiijengee nyumba.

Basari za kaunti, zile za wadi, ni mfuko mwingine. Mapema 2025 ziliingia kwenye mvutano kati ya magavana na Msimamizi wa Bajeti, na chanzo chake kinaeleweka ukisoma Katiba: kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, wakati sekondari na vyuo vikuu viko chini ya serikali ya taifa. Ni vizuri kulijua hilo kwa sababu nyingine pia. Chuo cha ufundi cha kijijini kwenu ni cha kaunti, na maswali ya karo yake yapelekwe kwa kaunti. Kisumu National Polytechnic ni ya serikali ya taifa. Majina yanafanana, milango ni tofauti.

C+ na wale wengine wote

KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya 700,000. Bado mazungumzo yetu mezani, kanisani na kwenye vikundi vya WhatsApp vya kijiji ni kana kwamba kuna wale robo tu, na wengine wote wamepotea.

Ngazi yenyewe iko hivi. C- inatosha kuingia diploma kwenye vyuo vya kiufundi. D inatosha cheti cha ufundi. Chini ya hapo, hata mwenye E, anaingia ngazi ya fundi stadi. Na ngazi hizi hupandwa: aliyeanza chini akafanya vizuri huenda cheti, kisha diploma, kisha shahada. Inachukua miaka zaidi, ndiyo. Lakini anayechomelea vyuma tangu mwaka wa kwanza anaweza kuwa anapata pesa kila likizo. Nimewaona vijana wa hivyo kwenye vibanda vya Kibuye wakilipa sehemu ya karo yao kwa mageti na vitanda vya chuma, na ningependa wazazi wengi zaidi wawaone kabla ya kumwambia mtoto arudie kidato cha nne kwa aibu. Siku hizi mafunzo haya yamegawanywa kwa moduli zinazopimwa kwa kutenda. Mpimaji anataka kuona kama waya umeuunga sawasawa, hata kama insha yako juu ya waya ina makosa ya tahajia.

Vyuo si vigeni kwetu. Sigalagala iko barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Sang'alo iko Bungoma, Bumbe iko Busia, Shamberere iko Kakamega, na kwa watu wa Nakuru kuna chuo cha Rift Valley. Ufadhili na mkopo upo kwa wanafunzi wa vyuo hivi pia, kwa kiasi chake. Angalizo moja kubwa: pesa hizo huenda na wale waliopangwa na KUCCPS. Ukienda moja kwa moja ofisini ukapewa nafasi siku hiyohiyo, uliza kabla ya kulipa chochote kama utaweza kuomba, na utakavyosajiliwa.

Na hapa nirudi kwa uchaguzi wa kozi, kwa sababu pesa yote hii haina maana ikilipia kozi isiyo na kazi mbele yake. Wanafunzi huchagua kwa kuangalia alama ya jumla. KUCCPS haiangalii hiyo peke yake. Inapiga pointi za klasta, ambazo kilele chake ni 48, kwa kuchanganya alama yako ya jumla na masomo manne yanayohusu kozi yenyewe. Ndiyo maana mwenye B ya jumla anaweza kukosa kozi aliyoipata mwenye B-: mwenzake alifanya vizuri zaidi kwenye yale manne. Kile kiwango cha kukatia kinachoonyeshwa kwenye tovuti ni pointi za mtu wa mwisho kuingia mwaka uliopita. Hakimwahidi mtu yeyote nafasi mwaka huu. Weka kozi moja unayoitamani sana, na nyingine ambazo pointi zako zinazipita kwa mbali.

Kisha uliza swali ambalo mwalimu wa ushauri nasaha, akiwa na wanafunzi mia tatu na vipindi vyake vya hesabu, mara nyingi hana nafasi ya kukuuliza: nani atakubali cheti hiki? Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi, muuguzi na Baraza la Wauguzi, na masomo ya sheria huidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Chuo kinaweza kuwa halali na bado kozi fulani ndani yake isiwe imeidhinishwa na baraza husika. Kwa vyuo vya kiufundi, mamlaka ya TVETA huweka wazi orodha ya vyuo vilivyosajiliwa, na kuikagua ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Vile vyuo vya ghorofa ya tatu juu ya duka la nguo vinavyoahidi diploma ya miezi sita vinastahili dakika hizo.

Wenye watoto wadogo nao wajiandae. Kundi la kwanza la CBC, ule mtaala mpya wa umilisi, lilipangiwa kuingia gredi ya 10 mwaka 2026, na kila mtoto anachagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi ambao zamani ulisubiri hadi baada ya kidato cha nne sasa unafanywa na mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Na sisi tuliopita umri huo?

Watu wazima wamesahauliwa sana kwenye mazungumzo haya, na wanajisahau wenyewe. Dhana iliyoenea ni kwamba KUCCPS ni ya watoto wa mwaka huu. Kwa shahada hilo lina ukweli mwingi. Kwa vyuo vya kiufundi, tovuti imekuwa ikipokea waliofanya KCSE tangu mwaka 2000. Mama wa watoto watatu aliyepata D+ mwaka 2006 anaweza kuomba. Ambaye hakufika kidato cha nne anaweza kuanzia madarasa ya elimu ya watu wazima, ya ngumbaru, na baadaye kujiandikisha kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Aliyeajiriwa anaweza kuomba mkopo wa HELB uitwao Jielimishe, ambao ni wa wenye mishahara na masharti yake si yale ya kijana anayeanza.

Lakini kundi ninalolifikiria zaidi ni mafundi. Kisumu imejengwa na watu wasio na karatasi. Kuna fundi wa magari mwenye miaka ishirini ya kazi ambaye hawezi kuomba zabuni ya kaunti wala kuajiriwa na kampuni, kwa kuwa hana cheti hata kimoja, na hawezi kufunga kibanda miaka miwili arudi darasani kufundishwa anachokijua. Kwa mtu huyu kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya zamani: mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Unaanza gredi ya III, unapanda hadi II, kisha I. NITA ina kituo chake hapa Kisumu. Unasajiliwa, unapewa kazi ya kufanya kwa mikono na maswali, na ukifaulu unapata cheti cha serikali. Huhitaji kuwa ulisomea mahali fulani kwanza.

Ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini, ambao watu huuita RPL. Hapa hutakiwi kuanza upya kama mwanafunzi. Unaleta ushahidi wa kazi yako: picha za mageti uliyochomelea, barua za wateja au mwajiri, kifaa ulichotengeneza. Mpimaji anakuhoji na kukutazama ukifanya kazi, kisha unapewa cheti cha kiwango ulichoonyesha, kinachokaa kwenye mfumo uleule wa kitaifa wa vyeti ulioundwa kwa sheria ya 2014. Pale ulipopungukiwa unaambiwa ukasome sehemu hiyo tu. Anayetaka njia hii aanze leo kupiga picha za kazi zake na kuomba barua. Wateja huhama, na fundi wengi hawana hata picha moja ya nyumba walizojenga.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao ni wachache wanaoujua. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na pesa hiyo huenda NITA. Haikatwi kwenye mshahara. Ni gharama ya mwajiri. Akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama. Hoteli zilizo kando ya ziwa na viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni vina watu ambao wangeweza kusomea cheti wakiwa kazini kupitia njia hii. Kama umeajiriwa, muulize mkuu wa wafanyakazi mwaka huu kampuni imedai kiasi gani, na ni nani aliyepelekwa.